Mama mulozi wa ndani ya filme

Katika vitabu vya shirika letu tumekwisha kusoma mengi juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya kilio, na juu ya kyaghanda, ile nyumba ambamo wazee waliota moto na kufundisha vijana. Msomaji atashangaa kukuta mara hii maneno juu ya filme. Lakini tuseme wazi: mafundisho ya jioni yamehama. Moto wa kyaghanda umezimika katika mitaa mingi, na mahali pake kuko televizio, ao simu moja inayozungukwa na vichwa vitano. Mtu anayetaka kujua watoto wetu wanafundishwa nini juu ya mwanamke, juu ya mama na juu ya nyumba, asiulize wazee tu. Aangalie pia kile watoto wanaangalia usiku.

Na wanachopenda, hapa Kayna sawa vile Kirumba, Butembo na Beni, ni filme za kuogopesha. Nyingi zimetoka Nigeria. Zilitufikia kwanza kwa kasete, kisha kwa CD, na sasa zinapita kutoka simu hadi simu. Zingine zina mtafsiri anayesema Kiswahili juu ya sauti ya wachezaji, na huyo mara nyingi anatia yake: mama mkwe anaingia tu na sahani mkononi, bado hajafanya kitu, mtafsiri amekwisha kumwita mulozi. Wanafunzi wangu wa sekondari wanaweza kusimulia filme ya namna hiyo bila kuiona. Kuko mama mkwe anayekula wajukuu, ao bibi tasa aliyekwenda kwa mganga, ao mama wa kambo, ao msichana mzuri aliyetoka majini kuja kuharibu ndoa ya watu. Watu wa Nigeria walimpa huyo wa mwisho jina Karishika, malkia aliyetumwa na Lusifa. Kule Dar es Salaam Mussa Banzi alimfanya jini na kumwita Shumileta, mwaka 2005. Majina yanabadilika, lakini mlango ambamo hatari inaingilia ni ule ule: mwanamke wa nyumba.

Swali langu ni hili: nani aliamua kwamba ni yeye wa kuogopwa?

Maana haikuanza hivyo. Filme ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa filme za video za Nigeria ni Living in Bondage ya mwaka 1992. Chris Obi Rapu aliiongoza, mfanyabiashara Kenneth Nnebue akaitoa, na wachezaji wanasema Kiigbo. Andy Okeke hana makuta na anaona rafiki zake wanapita na magari. Kitu kimoja cha maana alicho nacho ni bibi yake Merit, anayempenda na kumvumilia. Rafiki yake Paulo anamwingiza katika kundi la siri la matajiri, na huko anaambiwa bei: atoe bibi yake. Andy anajaribu kudanganya. Anamchukua Tina, mwanamke wa kujiuza, na kumpeleka kama vile ndiye bibi. Uongo unajulikana. Mwisho anampeleka Merit mwenyewe, na Merit anakufa. Andy anatajirika, anataka kuoa tena, na siku ya arusi marehemu anasimama mbele yake.

Angalia vizuri nani ni mbaya hapa. Anayetokea kama mzimu ni mwanamke, ndiyo, lakini mulozi ni bwana. Merit harudi kula mtu. Anarudi sawa deni ambalo halijalipwa. Hatari yote ilizaliwa katika tamaa ya mwanaume mbele ya gari la mwenzake, na nyumba ikavunjika juu mwenye nyumba aliiuza. Na Andy anapokuwa kichaa, anaokota chakula katika takataka, anayemsimamisha ni Tina, yule yule aliyetaka kumuuza, ambaye sasa ameokoka. Wanawake wawili, mmoja aliuzwa, mwingine kidogo auzwe, ndio wanaobeba haki na huruma ya filme nzima. Wachezaji wakati mwingine wanapiga kelele kuliko inavyopasa, na picha ni za kamera ya arusi. Hata hivyo kila mtu katika hadithi hii ana sababu yake, na ndiyo maana inakaa kichwani.

Hadithi ya utajiri wenye bei ya siri sisi Wakongomani tuliijua mbele ya kasete. Waliokaa Lubumbashi miaka ya 1970 wanakumbuka picha za mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, zilizotundikwa ukutani katika saloni za watu. Anayepatana naye anapata mali, lakini anafunga mdomo na kuna kitu atalipa. Mgeni akikaa kwenye kiti cha saloni anaiona hiyo picha kichwani mwa mwenye nyumba, na sijui kama kuna onyo bora kwa mtu anayetajirika haraka.

Wazungu nao wameonyesha bwana anayeuza. Mwaka 1968 Roman Polanski alitoa Rosemary's Baby. Guy ni mchezaji wa tamthilia asiye na bahati. Anapatana na majirani wazee, watumishi wa Shetani: wao watamfungulia njia ya kazi, yeye atawapa tumbo la bibi yake. Rosemary anabeba mimba bila kujua imetoka wapi. Kila siku jirani, mama Minnie, anamletea kinywaji chake cha kunywa. Akisema anaumwa, bwana anamwambia ni mawazo tu, daktari vilevile, majirani vilevile. Hakuna damu nyingi katika filme hii. Woga wake wote uko katika kuta za nyumba ya kupanga mjini New York na katika kikombe kimoja. Mama yeyote wa kwetu aliyebeba mimba ya kwanza nyumbani kwa wakwe, akaambiwa kula hiki, usile kile, na usiulize, anaweza kuielewa bila mtafsiri.

Sasa tuje ku End of the Wicked ya mwaka 1999. Iliongozwa na Teco Benson, na imetoka katika kazi ya mhubiri mwanamke, Helen Ukpabio. Hapa mambo yamegeuka kabisa. Bwana, anayeitwa Chris, ni mtu mwema, anatumika, anapenda bibi na watoto. Mubaya ni mama yake mzazi, anayekaa naye katika nyumba moja. Mchana ni mama mkwe wa kawaida. Usiku anakwenda ku baraza la walozi, na huko mali, afya na uzazi wa nyumba ya mtoto wake vinakatiwa hukumu sawa katika tribinali. Watoto nao wanaingizwa katika ulozi kwa njia ya chakula walichopewa na wenzao. Yule aliyemzaa Chris ndiye anayemmaliza.

Nisiseme kwamba filme haina nguvu. Inaogopesha kweli. Ufundi wake ni kuchanganya: usiku baraza lenye nyuso zilizopakwa rangi, asubuhi meza ya kawaida, chai, watoto wanavaa ya kwenda masomoni. Na ile meza ya asubuhi inaogopesha kuliko baraza, juu tumeona usiku na tunajua nani anamimina chai. Lakini jiulize: mama huyu anataka nini? Andy tulijua alitaka gari. Mama huyu hatujui. Anaua mtoto wake juu ni mulozi, na ni mulozi juu anaua. Kumtia mtu katika hadithi bila kumpa sababu ni uvivu wa mwandishi. Katika filme ya vita uvivu huo haudhuru mtu. Hapa unadhuru, juu mtazamaji akizima televizio anakwenda jikoni, na jikoni anamkuta mama mkwe wake wa kweli, mzee, macho mekundu ya moshi, ambaye naye hajui kueleza kwa nini analala kidogo usiku.

Mashirika ya kutetea watoto yalimlaumu mhubiri huyo kwamba kazi zake zinafanya watoto waitwe walozi. Yeye alikana, na akauliza kama kuna mtu anayefikiri Harry Potter ni wa kweli. Jibu ni la akili. Lakini katika Harry Potter hakuna mtu anayeambiwa kwamba mchawi analala chumba cha pili ku nyumba yake mwenyewe, wala haishii kwa kumwonyesha pasteri wa kumpeleka.

Kuko neno moja la lugha yetu linalosaidia filme hizi kuingia kwetu bila kubisha mlango. Mtu akifa ghafula, tunasemaka: wamemula. Hatusemi wamemuua. Ulozi ni kula. Sasa nani anashika chakula ndani ya nyumba? Nani anapondaponda sombe, anakoroga bugali, anaonja chumvi? Mkono unaolisha ndio mkono unaoweza kulisha vibaya, na kadiri tunavyotegemea mkono huo, ndivyo tunavyouogopa. Kamera ya Nigeria inapokaribia sufuria, muziki unabadilika, na mtoto wa Kayna anaelewa pale pale. Mtengenezaji wa filme hakuhitaji kueleza kitu. Alikuta mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mila zetu zilikuwa safi na filme ikaja kuzichafua. Mila zetu zilisema mambo mawili juu ya mama, na hayapatani vizuri. La kwanza liko katika majina. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, na kwa wasichana Masika na wengine: jina linasema mtoto huyu ni wa ngapi, na hesabu ni ya tumbo la mama. Bwana mwenye bibi wawili anaweza kuita Paluku wawili wakajibu, juu kila mama anaanza hesabu yake mwenyewe. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo, kwamba kila mtu anabeba katika jina lake nafasi aliyopata kwa mama yake. La pili ni kwamba mama huyo huyo alitoka kwingine. Alikuja kwa mbuzi za mahari, akaingia katika ukoo ambao si wake, akalima shamba ambalo si lake. Kifo kikiingia nyumbani, macho ya watu yalitafuta kwanza yule aliyetoka nje. Akiwa bibi kijana waliuliza kama hakuja na kitu. Akizeeka, wote wa rika lake wamekwisha kufa, waliuliza kwa nini yeye anabaki.

Lakini kule kwa wazee kulikuwa na breki. Mwanamke alikuwa na ndugu zake, waliokula zile mbuzi, na wakisikia dada yao anatukanwa wangefika kuuliza. Maneno yalipita mbele ya wazee, yakachukua siku nyingi, na mara nyingine uchovu wenyewe uliyamaliza. Mukaka wa kijiji, bibi mzee aliyepokea watoto wa nusu ya watu waliokaa pale, hakuwa mtu wa kushikwa hivihivi. Sasa angalia filme tena. Mama mulozi wa filme hana ndugu, hana ukoo, hakuna hata mtu mmoja anayesimama upande wake. Na anahukumiwa kwa dakika tatu. Pasteri anaingia kwa mlango wa mbele, anapiga kelele, mama anaanguka na kusema yote. Tangu The Exorcist ya mwaka 1973 tumezoea kuona mtumishi wa Mungu anaingia katika nyumba ya mama asiye na bwana. Lakini kule mama ndiye anayetafuta msaada, na mapadri wawili wanakufa. Katika filme hizi nyingine pasteri hapati hata mafua.

Kile kinachonisumbua zaidi ni maungamo yale. Mama anakubali. Kila mara anakubali. Alfred Hitchcock katika Psycho, mwaka 1960, alitufanya tuamini karibu filme nzima kwamba muuaji ni mama mzee wa juu kwenye orofa, kumbe mama alikufa zamani na mtoto wake Norman ndiye anayevaa nguo zake na kusema kwa sauti yake. Mama anaungama kwa mdomo wa mwingine. Ningependa kila mtu anayeangalia maungamo ya mama mulozi afikiri kidogo juu ya filme ile, na aulize ni sauti ya nani anasikia.

Hili si neno la kucheza. Katika Kivu ya Kusini, mwezi wa tisa mwaka 2021, wanawake wanane walioitwa walozi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Waliowaonyesha kwa kidole walikuwa wahubiri wanaoitwa bajakazi, na wengi wao ni wanawake. Juu ya watoto, Katiba yetu ya 2006 katika kifungu cha 41 inakataza kuwaita walozi, na sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inatoa malipizi. Juu ya mukaka, kuko sheria ya jamaa ya 1987 inayosema kwamba mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Soma sheria hiyo, kisha angalia filme: mwisho wake mama mzee anakufa ao anafukuzwa, na nyumba inabaki bila yeye. Watazamaji wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza parsele inabaki kwa nani. Katika maisha, hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningeuliza, na mara nyingi lingetosha.

Kuko wanaotengeneza namna nyingine. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukomalia Ubelgiji, alionyesha Augure ku Cannes mwaka 2023 na akapata zawadi huko. Koffi amezaliwa na alama usoni, mama yake Mujila akamwona kuwa mtoto wa laana, akamtuma mbali. Anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu mwenye mimba. Anapobeba mtoto mchanga wa dada yake, damu inatoka puani na kumwangukia mtoto. Hiyo tu inatosha, familia yote inaruka. Tungeweza kufikiri kwamba mama Mujila ndiye mubaya wa filme, maana nani anakataa mtoto aliyezaa? Lakini Baloji anamwachia naye nafasi yake, na tunaelewa kwamba yeye pia amebeba jina hilo la ulozi. Aliyemtupa mtoto alikuwa ametupwa mbele yake. Filme ni ngumu, ina rangi nyingi na inaruka huku na huku, na najua wanafunzi wengi wataiacha katikati. Ila ni filme ya Mkongomani ambamo mama anayeogopesha anapewa sababu.

Na kwetu, woga wa kweli wa nyumba umetoka wapi? Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, katika teritware ya Beni, watu wameuawa usiku kwa mapanga, wengi ndani ya nyumba zao ao katika mashamba yao. Mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, kisha Kayna na Kirumba, watu walibeba godoro na sufuria na kufuata barabara ya Lubero na Butembo. Hakuna mama mkwe aliyefanya hayo. Hata hivyo katika nyumba za wakimbizi, ambamo familia tatu zinalala chumba kimoja, mtoto akishikwa na homa usiku, bado maneno yanaanza kutafuta mwanamke mzee. Ni rahisi zaidi. Yeye yuko pale, na mwenye bunduki hayuko.

Filme moja imegusa jambo hili karibu sana, na si ya kwetu: His House ya Remi Weekes, mwaka 2020. Bol na Rial wamekimbia vita ya Sudani ya Kusini, wamevuka bahari, na msichana wao Nyagak amezama. Uingereza wanapewa nyumba chafu yenye kuta zilizotoboka, na wanakatazwa kuihama. Ndani ya kuta kuko wafu. Bwana anataka kusahau: anakula kwa kijiko na uma mezani, anachoma nguo za zamani. Bibi anajua nani yuko ukutani na anataka kuzungumza naye. Kwa nusu ya filme tunafikiri kwamba Rial, mama huyu mwenye alama za kisu mwilini, ndiye aliyeleta ubaya ndani ya nyumba. Kisha tunarudishwa kule vita ilikoanza. Basi ya kukimbilia imejaa, wanachukua tu walio na watoto, na Bol anashika mtoto asiye wake katikati ya watu na kusema ni wake. Nyagak hakuwa mtoto wao. Mama yake mzazi anaonekana kidogo tu, anapiga kelele, basi inaondoka.

Niliiangalia pamoja na majirani, wengi wao walikuwa wamekimbia mwaka 2024. Nilitazamia maswali juu ya mulozi wa ukutani, maana amefanywa vizuri na anaogopesha. Hakuna aliyemtaja. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliuliza tu yule mama wa mtoto walimwacha wapi, na kama filme inaendelea.